Kabla ya kumsimamisha nesi, soma ratiba ya zamu

"Wakati mnaitengeneza, mimi nilikuwepo?"

Mwanamke aliyejifungulia hospitali ya umma nchini mwetu, kama hakuambiwa maneno hayo yeye, basi alimsikia jirani yake akiambiwa. Mimi niliyasikia saa tisa usiku, nimekaa kwenye benchi nje ya leba, nimepakata beseni, khanga mbili na chupa ya chai, mizigo ambayo mwanamume hukabidhiwa usiku kama ule ili naye aonekane ana kazi. Aliyekuwa ndani ni shemeji yangu, mke wa mdogo wangu. Mumewe alikuwa njiani na lori, simu haipatikani. Shemeji alilia kwa uchungu, akaomba asaidiwe, akajibiwa hivyo.

Niliinuka. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani, yenye haki za mgonjwa na kodi ya mwananchi. Mlango ukafunguka, mhudumu akitoa ndoo, na kabla haujajifunga nikamwona nesi mwenyewe: mkono mmoja uko juu ya tumbo la mama mmoja, simu ameibana kati ya bega na sikio akiomba damu maabara, macho yako kwa mama wa tatu aliyetandika khanga sakafuni. Vitanda vilikuwa 6. Wanawake, kwa hesabu ya haraka ya mtu asiyetakiwa kuchungulia, 11. Nesi mmoja, mhudumu mmoja. Nikarudi kwenye benchi na hotuba yangu.

Alfajiri alitoka. Akanipa hongera ya mtoto wa kiume, kilo 3 na gramu 100, kisha akakaa ncha ya pili ya benchi na kuvua viatu. Miguu ilikuwa imevimba, alama za kamba zimechimba nyama. Nikamuuliza ameingia kazini saa ngapi. "Jana asubuhi," akasema. Mwenzake wa zamu ya usiku alikuwa na msiba na wa kuziba pengo hakupatikana. Alilisema hilo kama mtu anayetaja bei ya nyanya.

Hospitali siitaji, maana ingeweza kuwa yoyote. Wala sisemi hasira yangu iliisha. Mtoto yule sasa yuko darasa la pili, na mama yake akilikumbuka jibu la usiku ule bado hubadilika uso. Ila tangu siku hiyo, nikisikia mtu analaumu "kauli mbaya za wauguzi", kuna swali linanijia ambalo sijawahi kulisikia likiulizwa kwenye mkutano wowote wa hadhara: alikuwa na saa ngapi kazini?

Kauli mbaya imekuwa kiitikio cha ziara za viongozi. Kiongozi anafika hospitali na msafara, kamera zinawashwa, mwananchi anapewa kipaza sauti, nesi anaitwa mbele ya umati. Anaulizwa, anababaika, anasimamishwa kazi papo hapo, watu wanashangilia. Kufikia jioni video imeshazunguka makundi yote ya WhatsApp ya wilaya. Ni sinema nzuri, tena haina gharama. Kesho yake wodi ile ile inafungua mlango ikiwa na nesi mmoja pungufu, na wagonjwa hawajapungua hata mmoja.

Isipokuwa sinema, basi ni semina. Niliwahi kutumwa na chumba cha habari kuripoti semina ya siku mbili ya "huduma kwa mteja" kwa wauguzi. Mwezeshaji, kijana mchangamfu aliyezoea kufundisha watu wa benki, alionyesha picha za nyuso zinazotabasamu na kueleza namna ya kumpokea mteja. Safu mbili za nyuma zilikuwa zimelala fofofo. Walikuwa wametoka zamu ya usiku, wameambiwa mahudhurio ni lazima. Mwezeshaji akawanyooshea kidole na kuniambia, "Unaona? Hata hapa hawana ari." Niliandika habari yangu kama nilivyotumwa, na sikuitaja safu ya nyuma. Hilo ni deni langu, na sehemu yake naanza kuilipa leo.

Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya ukali tunaoulalamikia wodini ni dalili kabla ya kuwa tabia. Tunaitibu kwa karipio, kama mtu anayekipiga kofi kipimajoto kwa kuonyesha homa.

Mwaka 1974 mwanasaikolojia wa New York, Herbert Freudenberger, aliandika juu ya jambo aliloliona katika kliniki ya bure alikokuwa akijitolea jioni, baada ya kumaliza kazi yake ya mchana. Vijana waliokuja kuwahudumia watumiaji wa dawa za kulevya walianza na moto mkubwa. Baada ya muda, mara nyingi kama mwaka mmoja, moto uligeuka majivu: usingizi ukakatika, hasira zikawa karibu, na maneno ya dharau yakaanza kuwatoka juu ya watu wale wale waliokuja kuwasaidia. Hata yeye mwenyewe yalimkuta. Jina alilolitumia ni la kitu kilichoungua mpaka kikazimika. Na aliona jambo ambalo sisi hadi leo tunalikataa: waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliojitoa zaidi. Wavivu hawaungui, maana hawakuwahi kuwaka.

Baadaye Christina Maslach na Susan Jackson walitengeneza kipimo cha hali hiyo, mwaka 1981, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaieleza katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, likasisitiza kwamba si ugonjwa bali ni hali itokanayo na kazi. Ina sura tatu. Mtu huishiwa nguvu kabisa. Kisha moyo wake hujitenga na kazi, akaanza kuikejeli na kuwaona watu kama mafaili. Mwisho huhisi kwamba hata afanye nini, hakuna anachokifanikisha. Isome tena sura ya pili. Hiyo ndiyo tunayoiita kauli mbaya, tukaipeleka kwenye kamati ya maadili.

Kujitenga huko kuna historia ndefu wodini. Mwaka 1960 Isabel Menzies alichapisha utafiti wake juu ya wauguzi wa hospitali moja ya kufundishia mjini London. Alionyesha jinsi hospitali nzima ilivyojipanga ili muuguzi asimkaribie mgonjwa mno: kazi zinakatwa vipande vipande, huyu anapima joto, yule anatandika, na mgonjwa anaitwa kwa namba ya kitanda au kwa ugonjwa wake. Sababu haikuwa roho mbaya. Kukaa na maumivu na vifo vya watu kila siku kunatisha, na taasisi ilijenga ukuta wa kujikinga na hofu hiyo. Ukuta haukuwakinga, karibu theluthi moja ya wanafunzi wa uuguzi waliacha mafunzo. Nasi tuna ukuta wetu. "Yule wa presha." "Kitanda namba saba." "Wewe mama mwenye mapacha, hebu nyamaza." Anayeongea hivyo, mara nyingi, ni mtu anayejitahidi asilie.

Najua msomaji fulani hapa ameshakunja gazeti. Anasema: kuna manesi wakatili tu, kuna wanaotaka hela ya soda ndipo waguse dripu, na wewe unawatetea. Simtetei yeyote kati ya hao. Katika wilaya za Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, watafiti waliwahoji wanawake waliojifungua kwenye vituo vya afya na hospitali. Walipoulizwa wakiwa wanatoka kituoni, karibu asilimia 19 walisema walinyanyaswa au kuvunjiwa heshima. Waliofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye na kuulizwa tena, idadi ilipanda hadi asilimia 28. Mtu husema ukweli zaidi akiwa amekaa kwenye mkeka wake. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2014, na mwanamke mmoja kati ya wanne ni aibu ambayo haisafishwi na maelezo yoyote ya saikolojia.

Lakini angalia kilichofuata. Mradi ule uliitwa Staha, na jina lenyewe limechaguliwa vizuri. Jamii na watumishi wa afya walikaa pamoja wakaandika mkataba wa heshima kwa pande zote mbili, kisha hospitali ikaanza kurekebisha wodi yake kwa mambo madogo madogo, yakiwamo mapazia na usiri wakati wa kupokelewa. Malalamiko ya kunyanyaswa yakapungua sana yakilinganishwa na mahali ambapo hapakuguswa. Hawakuajiri watu wenye mioyo mipya. Ukilitengeneza lile linalomzunguka nesi, kauli yake nayo hulainika. Tungelijua hilo mapema tungeokoa fedha nyingi za semina.

Sasa nije kwenye neno ambalo kwa maoni yangu limewaumiza watumishi wa afya kuliko uhaba wa glovu: wito. Kila mahafali ya chuo cha uuguzi lazima mgeni rasmi aseme kazi hii ni wito. Mshahara ukichelewa, kumbuka wito. Posho ya kuitwa usiku haijalipwa miezi kadhaa, mwenye wito halalamiki. Hakuna anayemwambia mhasibu wa halmashauri kwamba kazi yake ni wito, wala dereva wa gari la mkurugenzi; wao hulipwa posho ya safari kabla gari halijawashwa. Na nesi akishindwa kustahimili, hukumu iko tayari mdomoni: huyu hakuwa na wito, alifuata ajira. Kazi imemkataa.

Ni kweli wengi hawakuichagua. Tunajua vijana wetu wanavyofika huko. Kidato cha Nne matokeo yametoka, Biolojia na Kemia zimekubali kidogo, baba anakaa na mjomba, wanasema uuguzi una ajira. Aliyetaka udaktari akakosa alama za PCB anateremshwa uuguzi kama anayeshushwa daraja kwenye ligi. Hayo yote yapo. Ila ninao watu wawili katika ukoo wetu walionifanya nisiiamini tena hadithi ya kwamba mtu huzaliwa na kazi yake.

Mama yangu mdogo aliingia uuguzi kwa sababu fomu ya chuo cha ualimu ilichelewa posta. Basi. Alitaka kufundisha kuimba. Alifanya ukunga miaka zaidi ya 30 na neno wito sikuwahi kulisikia likitoka kinywani mwake. Alilipenda neno "ratiba". Nilipomuuliza mara moja kilichomweka kazini muda wote huo, nilitegemea jibu la kidini, maana ni mtu wa kanisa. Akaniambia habari za matroni wake wa kwanza. Usiku ambao mama mdogo alimpoteza mzazi mikononi kwa mara ya kwanza, matroni alifika wodini, hakuuliza kitu, akamkalisha jikoni, akamkorogea chai yenye sukari nyingi, akamwambia aende akalale. Halafu matroni mwenyewe, na umri wake na cheo chake, akavaa aproni akaimaliza zamu. "Kesho yake ningeweza kutorudi," mama mdogo aliniambia. "Nilirudi kwa sababu ya ile chai."

Wa pili ni mtoto wa shangazi yangu. Huyu wito alikuwa nao kama upo: tangu utoto alikuwa akiyachoma sindano mahindi na kuyaandikia dawa. Akasoma, akawa daktari, akapangiwa hospitali ya wilaya ya mbali. Alikuwa amefundishwa kufanya upasuaji, na chumba cha upasuaji kilikuwepo, kimepakwa rangi vizuri, hakina mtaalamu wa usingizi. Kwa hiyo kazi yake ikawa kuandika rufaa na kuomba mafuta ya gari la wagonjwa, na kuwaambia ndugu wasubiri. Mke wake alikuwa mwalimu mkoa mwingine. Maombi ya uhamisho wa kumfuata mwenza yalizunguka kutoka ofisi moja hadi nyingine mpaka mtoto wao akaanza kumwita baba yake "anko". Mwaka wa tatu alinyamaza. Kwenye misiba alikuwa akija, anakaa pembeni, anacheka pale wenzake wakicheka, sekunde mbili baadaye. Hakuwa akila. Alikuwa akiamka saa nane usiku na kukaa barazani mpaka jogoo wawike. Tukimuuliza, "Mawazo tu."

Nani kati yao alifaa kwa kazi? Kwa kipimo cha wito, daktari. Kwa kipimo cha miaka, yule aliyechelewa posta. Kufaa kwa kazi kunajengwa pande mbili, na upande wa mtu ndio tunaoupima peke yake. Watafiti wa kazi watakueleza hilo kwa michoro: Robert Karasek aliandika mwaka 1979 kwamba kinachomvunja mfanyakazi ni madai makubwa yakikutana na mamlaka madogo, si wingi wa kazi tu. Johannes Siegrist akaongeza mwaka 1996 kwamba mtu huugua pale anachokitoa kinapozidi mno anachorudishiwa, iwe fedha, heshima au uhakika wa kesho. Nesi wa leba hana uwezo wa kumkatalia mgonjwa anayeingia, kuagiza glovu, kuongeza mtu kwenye zamu au kulijaza gari mafuta. Kitu kimoja tu kimebaki chini ya mamlaka yake, ulimi. Si ajabu ndio anaoutumia.

Kuhusu kurudishiwa, tuna mfano mkubwa wa karibu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi Tanzania kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ukakadiria 104. Ni mafanikio ya kutajwa, na Februari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhiwa tuzo ya Gates Foundation kwa ajili yake. Majengo yalijengwa, vituo vya afya vikaanza kufanya upasuaji, magari yakanunuliwa, hayo siyabezi. Lakini jengo halimshiki mtoto anapotoka. Tofauti kati ya 556 na 104 ilipita katika mikono ya watu kama yule aliyevua viatu kwenye benchi, na wao ndio taifa linaowakumbuka pale tu mmoja wao anapokuwa kwenye video.

Mzazi anapofariki, taratibu zinataka kikao cha kupitia kifo kile. Ni utaratibu mzuri. Umeokoa maisha kwa kuonyesha pengo lilipo. Kwenye karatasi haukusudii kumtafuta mkosaji. Kwa vitendo, wakunga niliozungumza nao kwa miaka mingi wanakiogopa kikao kile kuliko kifo chenyewe. Faili linafunguliwa, dakika zinahesabiwa, kwa nini ulipima presha saa nne usipime saa tano. Wote wanatoka pale wakijua mama yule alikufa kwa nini. Mkunga aliyemshika mkono akifa anatoka akaingie zamu inayofuata. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Sasa, uchovu wa kazi si sonona, na kuchanganya mambo haya mawili kunaua. Aliyechoka ukimpa likizo ya kweli, huweza kurudi amenenepa na utani mpya. Mwenye sonona ukimpa likizo, huweza kuilala likizo yote na kurudi vile vile. Furaha inamwisha hata kwa vitu alivyovipenda, usingizi na hamu ya chakula vinavurugika, anajiona hana thamani, umakini unamtoka, na hali hiyo inakaa naye wiki mbili au zaidi, karibu kila siku. Uchovu ulioachwa muda mrefu unaweza kumtengenezea mtu njia ya kwenda huko, na mwenye sonona naye kazi ya kawaida humlemea kama mlima. Hospitali zina maswali 9 mafupi ya kuipima, yaliyotungwa Marekani mwaka 1999 na kutafsiriwa Kiswahili zamani. Yanajazwa ndani ya dakika chache. Nimewauliza wauguzi wengi kama wao wenyewe waliwahi kuulizwa maswali hayo na mwajiri. Bado namtafuta wa kwanza.

Na kwa nini asiende mwenyewe? Jiweke mahali pake. Kliniki ya afya ya akili iko jengo la pili kutoka wodini kwake. Dirisha la kadi yupo rafiki yake wa kwaya. Anayemwandikia dawa wanakula wote kantini. Kufikia mchana hospitali nzima itajua, na mjini kwetu utani wa "mpelekeni Mirembe", hospitali ya wagonjwa wa akili, bado unachekesha watu wazima. Kwa hiyo mtu anayemwambia kila mgonjwa asijitibu mwenyewe anajinunulia vidonge vya usingizi duka la mtaa wa mbali, au anaanza na bia mbili za kuleta usingizi, kisha nne.

Mtoto wa shangazi yangu alikwenda kutibiwa mji mwingine, kwa jina lake la ubatizo ambalo hakuna anayelitumia. Alipata dawa na mtu wa kuzungumza naye, akapona. Leo ni mwakilishi wa kampuni ya dawa, anavaa tai, analala usiku. Taifa lilimsomesha miaka mingi kuwa mpasuaji.

Wengine hawakufika kwa mtaalamu. Septemba 2024 Kenya ilimlilia daktari kijana wa mafunzo kwa vitendo aliyejiua, na chama cha madaktari, KMPDU, kikanyoosha kidole kwenye saa za kazi zisizo na mwisho na malipo ya madaktari wa mafunzo. Malipo hayo hayo yalikuwa kiini cha mgomo wa madaktari wa siku 56 uliokwisha Mei mwaka huo. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ikasema kifungu cha sheria kinachomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu kinapingana na Katiba. Huku kwetu kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinaliita jaribio hilo kosa la jinai. Daktari anaijua sheria hiyo kuliko mwananchi wa kawaida, maana ndiye anayewapokea wahusika wakiletwa, polisi wakiwa pembeni. Unadhani atamwambia nani?

Watu wa hazina watasema yote haya yanataka fedha. Ndiyo. Mwaka 2001, mjini Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kuipa afya asilimia 15 ya bajeti, na bajeti yetu bado inaitazama namba hiyo kwa mbali. Lakini uhaba wetu una kituko ndani yake. Halmashauri moja ina zahanati yenye muuguzi mmoja, ambaye ndiye mkunga, mtoa chanjo, mtunza stoo na mwandishi wa ripoti za mwezi. Umbali wa kilomita chache, kijana mwenye diploma ya uuguzi na leseni ya baraza ni wakala wa kutuma fedha, anasubiri kibali cha ajira mwaka wa tatu. Bahati ikimwangukia, anaambiwa ajitolee kwanza. Tumefaulu kutengeneza mfumo ambao aliye ndani anazimia kwa kazi na aliye nje anazimia kwa kukosa kazi, na wote wawili walisoma darasa moja.

Kuna mambo hayahitaji hazina. Kupanga zamu ili mtu asitoke usiku na kuingia asubuhi ni kazi ya kalamu na ubishi kidogo. Kuwaunganisha mume na mke waliotenganishwa na mikoa miwili ni sahihi ya ofisa mmoja aliye tayari kusoma barua. Mganga mfawidhi anaweza kuamua kwamba baada ya kifo wodini, aliyekuwepo hukaa nusu saa na mtu wa kumsikiliza kabla faili halijafunguliwa. Mtumishi anaweza kuruhusiwa kutibiwa afya ya akili hospitali ya jirani bila barua inayopita mezani kwa watu saba. Na chai, sukari bado tunaimudu.

Kwa msomaji ambaye ni nesi, tabibu au daktari, na tangu mwezi uliopita unaamka saa nane usiku bila sababu: si udhaifu wala si kukosa wito. Mwambie mtu mmoja wiki hii. Mgonjwa wako ungemwambia hivyo hivyo.

Na kwako mheshimiwa, utakayefika wodini wiki ijayo na msafara na kamera. Wananchi watakulalamikia kauli, na watakuwa na haki. Wasikilize. Ila kabla hujamwita mtu mbele, nenda mpaka kwenye ubao ulio nyuma ya meza ya wauguzi. Pale imebandikwa karatasi yenye mistari, majina upande wa kushoto, tarehe juu. Hesabu majina. Kisha geuka uhesabu vitanda, na walio sakafuni. Aliyekuwa zamu ya usiku hutamkuta. Atakuwa ameshakwenda kulala, kama yupo aliyekuja kumpokea.